Farasi Kumi Ndani ya Boksi

Mimi ni mtu mzima. Nina mvi, nina miwani ya kusomea, na kiti cha gari langu kina mto wa kuutuliza mgongo. Sasa mtu wa namna hiyo alikuwa anatafuta farasi kumi wa nini? Nijibuni nyinyi, maana mke wangu ameniuliza mara nne na bado natafuta la kumwambia.

Yalianzia kwa kijana mmoja muuza vipuri. Alifungua boneti ya gari langu, la dizeli, lenye tabo (ile feni inayosukumia injini hewa), lisilomkosea mtu, akatazama filta ya hewa na kutikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Mzee wangu, gari hili halipumui. Hii filta ya karatasi ni sawa na kumkimbiza mtu huku umemziba pua." Nilinyongea. Miaka yote ile nimelipandisha milima limezibwa pua, na halijawahi kulalamika!

Akatoa boksi. Ndani mna filta ya pamba iliyopakwa mafuta, nyekundu, umbo la koni. Haitupwi, inafuliwa. Na juu ya boksi imeandikwa kwa herufi kubwa: nguvu ya farasi kumi zaidi. Pia mlikuwa na stika ya bure. Mimi kitu cha bure kinanimaliza kabisa. Nikalipa.

Lile boksi jeusi la plastiki lililokuja na gari nikalifungua nikalitupa stoo, pamoja na bomba lake refu linalokwenda kunywa hewa kule mbele nyuma ya grili. Nikajisemea hao waliotengeneza gari walikuwa na plastiki nyingi hawajui waiweke wapi. Koni nikaifunga papo hapo pembeni mwa injini. Stika nikaibandika kioo cha nyuma, katikati, wenye wivu waione vizuri.

Loo, sauti! Ukikanyaga mafuta, tabo inapiga mluzi kama mchungaji aliyepotelewa na mbuzi. Ukiachia, gari linaguna. Niliapa kwamba limekuwa jepesi, linachanganya upesi, limerudi ujana. Mke wangu kimya, macho kwenye dashibodi. Mwishowe akasema, "Mume wangu, hili gari linakwenda au linapiga kelele?" Nikamwambia vyote viwili. "Mbona mshale uko pale pale?"

Sikujibu. Nilimchukua mwanangu na simu yake, tukaenda barabara tambarare isiyo na magari, tupime sekunde za kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, gia ileile. Mara tatu na koni, mara tatu na filta ya karatasi. Tofauti tuliyoipata ilikuwa ndogo kuliko ucheleweshaji wa kidole chake kwenye simu. Nikamwambia abadilishe kidole. Wapi!

Ndipo nikaenda kwa fundi wangu, mzee wa dizeli, mtu asiyecheka bure. Siku hiyo alicheka.

"Bwana wee," akasema, "gari la petroli lina mlango wa hewa, na mguu wako ndio unaoufungua. Dizeli haiendi hivyo. Ukikanyaga, unaomba dizeli, huombi hewa. Hewa ipo tele wakati wote." Akanipigia hesabu: kilo moja ya dizeli inahitaji kama kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, lakini injini ya dizeli huvuta zaidi ya hapo hata ukikanyaga hadi mwisho, na ikiwa imesimama inaunguruma tu huvuta mara nyingi zaidi. Ikikosa ziada hiyo, utaona moshi mweusi. "Sasa wewe umempelekea samaki ndoo ya maji."

Nikajitetea. Tabo je? Tabo si inataka kuvuta?

"Tabo ina bwana wake," akajibu. Kompyuta ya gari inapima mgandamizo wa hewa inayoingia kwenye injini. Ukifika pale ilipopangiwa, inaizuia tabo isisukume zaidi. Ukiirahisishia njia ya kuvuta, tabo inapunguza jasho kidogo, lakini mgandamizo unabaki uleule, na dizeli inayomwagwa ni ileile. Ukitaka farasi wa kweli, kompyuta ipangwe upya imwage dizeli zaidi, na hapo uiombee klachi yako. Hewa peke yake bila dizeli, akasema, ni upepo. Kumbe Mswisi Alfred Büchi alipochukua hataza ya tabo mwaka 1905, tatizo la pua iliyozibwa alishalimaliza, na mimi nimekuja baada ya zaidi ya karne moja na kitambaa chekundu.

Sikukubali kushindwa hivi hivi. Usiku nikakesha nikitafuta wa kuniunga mkono, nikaangukia kwa adui mwingine: maabara ya Oak Ridge huko Marekani. Mwaka 2009 walipima magari ya petroli ya kisasa yakiwa na filta zilizoziba, wakaona ulaji wa mafuta haubadiliki kwa maana yoyote. Kilichopungua ni wepesi wa kuchanganya. Sasa kama hata filta iliyoziba haimfilisi mtu kwenye mafuta, yangu ya karatasi iliyokuwa safi ilikuwa na kosa gani? Nikazima simu. Nikalala nimekunja uso.

Na bado ninyi hamjasikia la hewa ya moto. Lile bomba la plastiki nililolitukana lilikuwa linakwenda mbele kufuata hewa baridi. Koni yangu inavuta hewa ya moto ya injini yenyewe. Hewa ikipanda joto nyuzi kumi tu, uzito wake kwa ujazo uleule unapungua kama asilimia 3. Ni kweli kuna intakula ya kuipoza baada ya tabo, lakini nani anapasha maji anayotaka kuyapoza?

Ungedhani nimeishia hapo. Hapana. Nilikuwa nimeshalipia kitu kinachofuliwa, basi nikakifua. Maelekezo yalisema: kausha, paka mafuta kidogo. Mimi kidogo sikijui. Nikamimina mpaka koni ikang'aa.

Mafuta yale yakavutwa yakaenda kukaa juu ya sensa ya hewa, kiwaya chembamba chenye joto kinachopima hewa inayopita. Sensa ikaanza kusema uongo kwamba hewa ni chache, kompyuta ikaamini, ikabana dizeli. Taa ya injini ikawaka. Nilikuwa mlimani. Lori la mchanga lililokuwa nyuma yangu likaanza kunipita, taratibu, bila haraka yoyote, na utingo akatoa kichwa dirishani akasoma stika yangu kwa sauti, neno kwa neno, kisha akamtafsiria dereva kwa kicheko.

Fundi akaisafisha sensa. Akapitisha kidole ndani ya bomba linalokwenda kwenye tabo, akaniletea usoni: vumbi laini kama poda. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, akasema, na vumbi hilo kwa mapanga yake na kwa ringi za pistoni ni msasa. Sikuwa na la kusema. Nikaenda stoo, nikapangusa boksi jeusi, nikalirudisha na filta mpya ya karatasi na bomba lake refu la mbele.

Gari sasa linakwenda vilevile lilivyokuwa likienda siku zote, ila halipigi mluzi. Mke wangu anasema anasikia redio.

Iliyobaki ni stika. Nimetumia maji ya moto, wembe, petroli, kucha. Haitoki. Gundi ile ndiyo kitu pekee chenye nguvu kilichokuwemo ndani ya boksi lile.