Mabomba ya breki ya Land Rover ya zamani: uhalisi uko wapi hasa?

Barabara ya kushuka kutoka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, mlima upande huu na bonde upande ule. Anayeteremka humo na Land Rover Series ya zamani, zile fupi zenye breki za njia moja, amekabidhi uhai wake kwa bomba lenye unene wa milimita 4.75. Likitoboka mahali popote, mafuta ya breki yanamwagika na pedali inazama hadi sakafuni. Hakuna gurudumu hata moja linaloshika. Inabaki breki ya mkono, nayo kwenye gari hili haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye gia kwenda nyuma. Ilitengenezwa kushikilia gari lililosimama, si kuokoa gari linaloteremka.

Kwa hiyo wapenzi wa magari haya wanapobishana kama mabomba yarudishwe ya chuma, kama yalivyotoka kiwandani Solihull, Uingereza, au yawekwe ya shaba iliyochanganywa na nikeli, mimi hulichukua suala hilo kwa uzito wote.

Wanaotetea chuma wana hoja nzuri kuliko wanavyosikilizwa. Bomba la kiwandani si chuma cha hivi hivi. Ni bati jembamba lililokunjwa mara mbili likawa bomba, kisha kuta zake zikaunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa na nje likapakwa kinga dhidi ya kutu. Ni gumu. Jiwe likiruka kutoka kwenye tairi linaligonga na kuanguka, wakati shaba-nikeli, kwa kuwa ni laini, inaweza kubonyea. Linajishikilia lenyewe kati ya kibanio na kibanio bila kulegea. Tena, gari la miaka 50 ni kumbukumbu ya jinsi watu walivyofikiri na kufanya kazi. Ukibadilisha kila kipande kwa sababu kuna kilicho bora, mwisho unabaki na umbo tu.

Lakini chuma kina adui wawili, na pwani wote wawili wako nyumbani. Wa kwanza ni chumvi. Kwa anayeishi Tanga au Mombasa, kutu huanzia pasipoonekana: chini ya vibanio vya chesesi, ambako tope hukaa likashika unyevu mwaka mzima. Bomba linang'aa sehemu zote unazozifikia kwa kitambaa, kumbe chini ya kibanio limebaki jembamba kama karatasi. Nimewahi kufungua kibanio kimoja, bomba likabaki mkononi vipande viwili, na siku iliyotangulia gari hilo lilikuwa barabarani. Adui wa pili yuko ndani. Mafuta ya kawaida ya breki, DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewa. Unyevu huo unashusha kiwango cha kuchemka: DOT 4 mpya lazima ivumilie nyuzi joto 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango kinachotakiwa ni nyuzi joto 155 tu. Na maji hayohayo hula chuma kutoka ndani.

Shaba-nikeli haina shida hiyo ya kutu. Volvo walianza kuitumia kwenye magari yao mapya tangu 1976, kwa hiyo haiwezi kuitwa kiraka cha gereji. Inapindika kwa mkono, na mdomo wake hupanuka vizuri bila kupasuka. Tuitenge tu na shaba tupu, ile ya mafundi wa friji. Shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko na hatimaye kupasuka, na barabara zetu za vumbi hazikosi mtikisiko. Atakayekuambia ni kitu kilekile, usimpe gari lako.

Mimi niko upande wa shaba-nikeli kwa gari linalotembea, ila kwa sharti ambalo wengi wa upande huo hulipuuza. Uhalisi wa bomba la breki uko zaidi katika njia linalopita. Kiwanda kililipitisha mahali fulani kwa sababu: mbali na bomba la moshi, juu ya reli ya chesesi lisigongwe na mawe, na urefu wa kutosha palipo na mtikisiko. Fundi anayenyoosha bomba jipya kwa njia ya mkato ameharibu historia na usalama kwa pamoja. Toa bomba la zamani zima, hata kama limeoza, lilaze juu ya meza, upinde jipya kulifuata kona kwa kona.

Kisha nati zinazofunga ncha za bomba. Land Rover ya enzi hizo hutumia nyuzi za inchi: kipenyo cha 3/8, meno 24 kwa kila inchi. Nati za milimita 10 za magari ya Kijerumani na Kijapani zinafanana nazo mno, na duka la spea huziweka kwenye kopo moja. Ile ya inchi huingia kwenye tundu la milimita ikiwa imelegea, inabana kidogo, halafu siku ya kukanyaga kwa nguvu nyuzi zinachomoka. Afadhali kusafisha nati za zamani na kuzirudisha.

Mkataba wa Turin, uliopitishwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, unanisaidia hapa. Unataka mabadiliko ya lazima yafanywe bila kujionyesha, yaweze kurudishwa nyuma, na vipande muhimu vya asili vilivyotolewa vitunzwe pamoja na gari. Mabomba ya shaba-nikeli yanatimiza yote hayo.

Kuweka masta silinda (ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) ya njia mbili, ili nusu moja ya breki ibaki hata nusu nyingine ikifeli, ndiko kunakonipa shida. Hapo umebadilisha mfumo wenyewe, si malighafi tu. Kwa gari la maonyesho nisingegusa. Kwa linalobeba watoto kushuka Lushoto kila wiki, ningeweka, na ile masta ya zamani ningeifunga kwenye kitambaa chenye mafuta, na kikaratasi cha tarehe niliyoitoa, ikae chini ya kiti.