Hadubini ya sindano inaonewa

Mwaka 1981 wanaakiolojia Lawrence Keeley na Nicholas Toth walieleza walichokiona kwa hadubini ya kawaida kwenye zana za mawe za Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, zenye miaka milioni 1.5 hivi. Vipande tisa vilikuwa na alama za kazi: vinne nyama, vitatu mbao, viwili nyasi au matete. Habari tamu. Ila msingi wake ni mng'aro uliobaki kwenye makali, ukasomwa kwa jicho. Mmoja akisema "mbao" na mwenzake akasema "mfupa", nani atawaamua?

Hadubini ya sindano (kwa Kiingereza atomic force microscope), iliyobuniwa miaka ya 1980, haitazami, inapapasa. Ncha yake, nyembamba kwa kipimo cha nanomita (sehemu ya milioni ya milimita), hupita juu ya jiwe mstari kwa mstari kama kidole cha msomaji wa nukta nundu, na mwale wa leza hufuatilia kila inapopanda na kushuka. Unapewa vilima na mabonde kwa tarakimu, ambazo mtu mwingine anaweza kuzipima upya.

Wanaoibeza wana hesabu yao pendwa. Dirisha lake, yaani eneo inalopapasa kwa mara moja, kwa kawaida halizidi mikromita 100 (sehemu ya kumi ya milimita) kila upande, kwa hiyo jiwe la sentimita 5 kwa 3 linataka madirisha 150,000, tena upande mmoja tu. Kila dirisha likila dakika 10, hiyo ni karibu miaka mitatu, usiku na mchana. Hesabu ni sahihi, lakini nani aliyeomba jiwe zima? Makali yaliyofanya kazi ni ukanda mwembamba. Hadubini ya kawaida huutafuta kwanza, sindano ikafuata kwa madirisha ishirini: saa tatu na ushei. Fundi cherehani hakagui jora zima kutafuta mshono uliofumuka.

Lawama nyingine nazikubali. Kwenye mteremko mkali ncha hukwama au huvunjika, na jiwe gumu la kwarzaiti la Olduvai, lenye chembe kubwa, ni mateso matupu. Mchanga na maji navyo hung'arisha jiwe, na tarakimu haisemi aliyelisugua ni nani. Maabara yenye fedha ya mashine moja tu, ningeishauri inunue ya leza isiyogusa, inayomaliza eneo kubwa upesi.

Lakini nyama huacha mng'aro hafifu mno. Vijimikwaruzo vilivyo chini ya nanomita 200 mwanga wa kawaida huvichanganya, sindano huvitenganisha. Na jiwe si lazima lisafiri: kwenye makali hubandikwa silikoni laini, ikiganda inabanduliwa, na mashine hupapasa nakala hiyo. Nakala ya silikoni hupoteza vinundu vidogo kabisa, ndiyo, lakini zana yenyewe haijatoka kwenye droo yake Nairobi.