Tusimwite Sherlock wa Zanzibar

Kila anapotajwa Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa riwaya za upelelezi wa Unguja, hakosi mtu wa kudakia: "Aa, yule aliyemwiga Sherlock Holmes!" Imenichosha. Ni kweli Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake, kama yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, ana kiko chake, ana rafiki yake Najum wa kufuatana naye, na Spekta Seif wa polisi. Umbo limeazimwa, sibishi. Kilichotiwa ndani ni cha Unguja.

Mwandishi alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, na kabla ya yote alikuwa mkaguzi wa idara ya afya. Bwana afya ni mtu wa kupiga hodi, kuchungulia uani na kuuliza mambo ambayo wenye nyumba wasingependa kuulizwa. Mwaka 1948 akaingia magazetini, akahariri Zanzibari. Huo ndio upelelezi wa Bwana Msa: hana bastola wala mbio za magari. Anakaa barazani, anawaacha watu waseme, kisha analidaka neno moja lililomponyoka mtu. Siri zenyewe ni za nasaba na ndoa, zile zinazojulikana na mtaa mzima ila hazisemwi.

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la East African Literature Bureau, shirika la vitabu la Afrika Mashariki, ikachapishwa 1960. Hapo ungetarajia vitabu vifuatane. Wapi! Tangu 1958 alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima, na riwaya ya pili, Kisima cha Giningi, ilitoka 1968, mwaka ule ule aliostaafu. Halafu bomba likafunguka: Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Mimi naamini dawati la uhariri lilitunyima riwaya mbili tatu. Anayekesha akinyoosha sentensi za wenzake ataandika zake saa ngapi? Lakini pengine dawati hilo hilo ndilo lililompa ule ulimi wake, mazungumzo yanayoruka kama watu wanaotaniana. Kosa la Bwana Msa lilikuja 1984, na mwenyewe alifariki 1991.

Kama hujamsoma, anza na Kisima cha Giningi. Giningi kwa watu wa visiwani ni mji wa wachawi usioonekana, na Bwana Msa haamini uchawi hata chembe.