Dura-Europos: jeshi liliumeza mji, au mji ulilikimbilia?

Roma iliuteka mji wa Dura-Europos, kando ya mto Frati katika Siria ya leo, kutoka kwa Waparthi, waliotawala Uajemi wakati huo, mwaka 165 BK. Mji ulikuwa na viongozi wake, wakiwemo watu wa ukoo wa Lysias walioshika cheo cha juu kizazi hadi kizazi. Warumi hawakukifuta cheo hicho. Ubishi ni kama kilibaki na maana yoyote.

Wanaosema jeshi liliumeza mji wana ushahidi unaoonekana kwa macho. Mwanzoni mwa karne ya 3 upande wa kaskazini uligeuzwa kambi na kutengwa kwa ukuta wa matofali ya udongo. Mwaka 216 askari wakajenga humo uwanja wa mapambano. Hata hekalu la mungu wa kike Azzanathkona liliwekwa nyaraka za kikosi cha Wapalmyra, watu wa Palmyra, mji wa jangwa la Siria; ndimo zilimokutwa orodha za askari wake, wapanda ngamia wakiwemo.

Hoja hiyo ni nzito, ila inawafanya raia waonekane kama mateka. Palmyra si mbali, na askari wake walikuwapo Dura kabla kambi haijajengwa. Askari wa Dura walioa na kuachana kwa hati za Kigiriki kama majirani zao raia.

Kinachonishawishi zaidi ni hati za mafunjo (karatasi za kale) za wanakijiji wa Beth Phouraia, kijiji cha bonde hilohilo la Frati. Mwaka 245 walisafiri hadi Antiokia na ugomvi wao wa ardhi, kumwona Julius Priscus, gavana wa Mesopotamia na ndugu yake Kaisari Filipo. Wakasubiri miezi minane, kisha wakaambiwa suala litaangaliwa na msimamizi wa Kaisari huko Appadana, yaani karibu na kwao! Haki ya kiraia ilikuwapo, lakini nauli na muda wa kuifuata alikuwa navyo nani? Ndiyo maana wengine wa maeneo hayo walipeleka malalamiko yao kwa akida wa jeshi aliyewekwa kulinda amani. Hakuwa hakimu, alikuwa jirani, tena mwenye silaha.

Kwa hiyo naona nguvu ya jeshi ilikua kwa kukimbiliwa kuliko kwa kunyakua. Hilo halikuifanya kuwa nyepesi. Wasasani, watawala wapya wa Uajemi, walipokaribia, mnamo 256, walinzi walijaza udongo nyumba zilizopakana na ukuta wa magharibi ili kuuimarisha. Sinagogi lililokarabatiwa miaka kumi na kidogo tu kabla ya hapo lilifukiwa, pamoja na nyumba ya ibada ya Wakristo.