Kilemba Peke Yake Hakileti Historia

Inakera kusikia mtu, awe wa Kirumba au wa Igoma hapa Mwanza, akijitapa kwamba yeye haangalii "tamthilia za akina mama", anaangalia historia. Ukimuuliza historia ipi, anakutajia Sultani Suleiman, ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mavazi yamemtosha kuwa ushahidi.

Kipimo ni hiki. Kichukue kisa chote ukihamishie Nyakato, mtaa wetu mwingine, mwaka huu. Kikiendelea bila kutetereka, ni tamthilia ya kawaida iliyovishwa kilemba. Kikivunjika, basi enzi yake ndiyo inayokibeba.

Ugomvi wa Hürrem na Mahidevran, wanawake wawili wa Sultani Suleiman, ukiutazama juujuu, ni wivu wa wake wenza tu. Lakini Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Konstantinopo mwaka 1453, aliacha sheria iliyomruhusu mwana atakayekalia kiti kuwaua ndugu zake. Kwa hiyo kila mama mle ndani ya kasri alijua kuwa wa kwake asipotawala, anaweza kunyongwa. Mustafa, mwana wa Mahidevran, alinyongwa mwaka 1553 kwa amri ya baba yake mzazi. Mwaka 1595 Mehmed wa Tatu alipopata kiti aliwaua ndugu zake 19. Iondoe sheria ile, wanabaki wanawake wawili wanaogombea mume, na hao hata Nyakato wapo.

Downton Abbey, tamthilia ya Kiingereza, nayo imechanganya. Inaanza mwaka 1912: mrithi anazama na Titanic, na mirathi haiwezi kwenda kwa binti. Hapo enzi inafanya kazi. Ila Matthew, mrithi mpya, anakufa kwa ajali ya gari katika kipande cha Krismasi ya 2012 kwa sababu mwigizaji wake alitaka kuondoka. Kifo hicho hakidai mwaka wowote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hata zilizo bora hutufikia zikifanana na nyingine. Kipande kimoja cha Kituruki huwa na saa mbili hivi. Kikiuzwa nje hukatwa vya dakika 45. Mkato unaangukia katikati ya mazungumzo, ndiyo maana kila usiku unaachwa na uso uliokodoa macho. Mwandishi hakuupanga hivyo.

Sasa sisi. Mwanza ina kisa kinachongoja: pamba. Paul Bomani na wenzake waliwaunganisha wakulima mpaka Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano wa vyama vyao vya ushirika, ikaundwa mwaka 1955, na moja ya manung'uniko makubwa ilikuwa mizani za wanunuzi. Wakulima wakaweka watu wao wa kuhakiki uzito. Mweke pale kijana anayetafuta ng'ombe wa mahari. Harusi ikiahirishwa kwa kuwa pamba ya baba yake imepunjwa ratili kituoni, hiyo ni tamthilia ya enzi. Ikiahirishwa kwa kuwa pacha wa bibi harusi ametokea ghafla, tumerudi kulekule.

Na watakaoipiga picha wawe waangalifu na ziwa. Kamera isielekee kwenye magugu maji, maana yalianza kuonekana humu mwishoni mwa miaka ya 1980. Sangara naye asiletwe mezani: alianza kupandikizwa miaka ya 1950, akatawala upande wetu miaka ya 1980. Wageni wa harusi ile wapikiwe ngege, au ningu, samaki wa asili wa ziwa hili.