Pasipoti ndiyo inayofundisha?

Walimu wenzangu, hili halijawapata? Miaka 9 nafundisha Kiingereza Nakuru, sarufi naijua hata usingizini. Kiingereza ni lugha rasmi katika Katiba yetu ya 2010, mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, twaufanya kwa lugha hiyo hiyo. Naomba kazi Korea Kusini, naambiwa viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza ni ya raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Kenya? Haimo! Kijana wa Marekani mwenye digrii ya jiolojia, asiyewahi kushika chaki, anapita. Mimi mwenye shahada ya ualimu nabaki mlangoni! Wakala mmoja akaniandikia, "Shida ni lafudhi." Lafudhi ipi, jamani, na hata simu hajanipigia? Kaitazama pasipoti, akaisikia lafudhi!