Mbuzi Mweusi na Maneti ya Pili

Wale mliokwisha kusikia toleo la rafiki yangu mwenye sono (vyombo vya muziki vya kukodisha), lile la kwamba nililewa, nikashika maikro na kuwatangazia wakwe zangu hali ya mifugo yangu: sikulewa. Nilikuwa nimekunywa Fanta. Ngojeni niwasimulie mwenyewe, maana tangu Jumapili siwezi kukatiza njia hapa Kamalondo, Lubumbashi, bila mtoto fulani kulia "meee" nyuma ya ukuta.

Mnanijua hapa kundini kwa maneno yangu juu ya Nintendo za zamani, zile mashine za michezo ya televisheni. Kopi, yaani mashine za kuiga, siyo Nintendo! Tumekulia wote kwenye kopi, sikatai, ile yenye sura ya PlayStation, unafungua kifuniko ukitegemea CD, unakuta tundu la kaseti. Kaseti yenyewe imeandikwa michezo 9999999, ukiifuatilia ni michezo michache inayojirudia, Mario akianzishwa hatua ya mbele wanakuhesabia mchezo mpya. Ukiipasua ndani, mashine nzima ni chipu moja iliyofunikwa kwa tone la gundi nyeusi. Na nyingi zinachanganya mawimbi ya sauti, muziki unatokea puani.

Mimi nina orijino. Famicom, Nintendo ya Kijapani iliyotoka mwaka 1983, nyeupe na nyekundu iliyoiva, ilifika mpakani Kasumbalesa katikati ya mitumba ya Japani iliyopitia Dar es Salaam. (Aliyeandika jana kwamba "yote ni pixel tu", nimekuona.) Haikuwa kazi ndogo kuiwasha. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu 220, na plagi yake hasi iko katikati, ukichomeka adapta ya kopi kwa pupa unaweza kuiua. Picha nayo inatoka kwa chaneli za Kijapani ambazo televisheni yangu haikuziona kabisa. Fundi akachomelea nyaya mbili, ya njano kwa picha, nyeupe kwa sauti. Ikumbukeni hiyo nyeupe.

Maneti zake, yaani vile vishikio vya kuchezea, hazichomoki. Nyaya zimetokea mgongoni mwa mashine, fupi, lazima ukae umeibana televisheni. Ile ya pili haina Start wala Select. Mahali pake Wajapani waliweka maikro, ya kweli, yenye kibonye cha kusukuma kupandisha sauti. Unachosema pale kinatoka pamoja na sauti ya mchezo. Kopi nyingi zilikitupa kitu hicho kupunguza gharama, nami nimekihubiri hapa mpaka mnaninyamazisha.

Basi, Jumapili. Mujomba wa mchumba wangu alikuja kuona fasi mtoto wao atakuja kuishi. Wakubwa tuliwakalisha nje chini ya mwembe, bukari (ugali), samaki, vinywaji baridi, bafle mbili, spika kubwa za rafiki yangu, zikipiga rumba polepole. Kwenye kona ya parseli, yaani kiwanja chetu, mahali ambapo jicho lazima lipite, nilikuwa nimefunga mbuzi wawili. Mweupe ni wangu. Mweusi, yule mnene, yule aliyefanya mujomba atikise kichwa na kusema "mukwe, unajipanga", alikuwa wa jirani.

Watoto wa mujomba wakachoka na mazungumzo ya wakubwa. Nikawaingiza sebuleni, nikawasha Contra, mchezo wa bunduki, nikampa mkubwa wao maneti ya kwanza, mimi nikashika ya pili. Nikamwonyesha maikro, bila shaka nikamwonyesha. Akasukuma kibonye mpaka mwisho, akacheka, nami nikasahau. Spika ya televisheni ilishakufa zamani, kwa hiyo rafiki yangu akachukua ule waya mweupe akauchomeka kwenye ampli yake. Ampli ni moja, ile ile ya bafle za nje. Kwa kelele za watoto, hakuna aliyesikia kwamba rumba kule nje imekatika na wakubwa wanasikiliza bunduki za Contra. Baadaye niliambiwa mujomba aliuliza kama kuna shida huko mtaa wa Ruashi.

Sasa nisomeni polepole.

Rafiki yangu anainama sikioni kwangu: "Vye, mujomba anauliza bei ya mbuzi mweusi." Nageuka. Watoto wako pale. Mimi ni mtu mwenye adabu, siwezi kuongea mambo ya wakubwa mbele ya watoto, kwa hiyo namwambia yule mkubwa wao, "Simamisha kidogo." Anabonyeza Start. Muziki wa Contra unakatika. Ukimya. Hata kuku walinyamaza, naapa.

Halafu, ili watoto wasisome midomo yangu, nakinga mdomo kwa kile nilichonacho mkononi.

Ndiyo. Hicho.

Nakileta mpaka kigusane na mdomo wa juu. Natazama televisheni, Contra imesimama, mtu wangu ameruka na kukwama hewani na bunduki yake. Nanong'ona, kwa sauti ya mtu anayeungama: "Mwambie haiuzwe. Ile mbuzi ni ya jirani, nilikopaka tu. Kesho inarudia kwabo."

Nasikia sauti ya mwanaume mwingine huko nje, nzito, yenye besi, ikisema KESHO INARUDIA KWABO.

Nawaza: nani huyo? Jamani, nilijiuliza nani huyo! Na badala ya kuweka maneti chini, nikaendelea. Kwa maikro. "Na huyu mujomba anakula bukari sawa vile banamulipa kwa kilo."

BANAMULIPA KWA KILO, zikajibu bafle mbili za kukodisha kwa harusi na matanga, parseli yetu, parseli ya pili, mpaka kwa mama wa maandazi njiani.

Rafiki yangu ndiye aliyeelewa kwanza. Niliona macho yake yakishuka toka usoni kwangu, yakapita kwenye maneti, yakafuata waya mweupe mpaka kwa ampli. Alikuwa na nafasi ya kuizima. Alikaa chini akashika tumbo. Mtoto naye akanitazama kwa heshima kubwa akasema, "Shemeji, kweli iko na maikro!"

Na bado ilikuwa inashika. Wakubwa walisikia pia "Yesu wangu" yangu, na mdundo wa maneti ikianguka sakafuni.

Mengine ni mafupi. Nilitoka nje, nikapiga magoti, mujomba akanawa mikono taratibu bila kunitazama. Jirani, aliyesikia jina la mbuzi wake hewani, alikuwa keshafika na kamba. Mchumba wangu aliingia chumbani kwa mama, nikafikiri analia, kumbe ni kicheko. Wageni waliondoka na heshima zote na samaki iliyobaki.

Mnaoniuliza kama sasa nimekubali kwamba kopi ni bora: la, na acheni uchokozi. Nataka tu iandikwe kwamba sauti ilikuwa safi. Mama wa maandazi alisikia kila silabi.

Jana orodha ya mahari imefika. Vitenge, suti ya baba, blanketi, sufuria, chumvi, halafu kwenye mstari wa mbuzi mujomba ameandika kwa mkono wake: "wawili, wa kwake". Chini kabisa, kwa mwandiko wa mtoto, "na Nintendo ya kusema". Huo mstari wa mwisho tutaujadili, hata ikibidi harusi ingoje. Ila mnaonunua soko la Kenya, mtaa wetu wa Kenya hapa Lubumbashi, mbuzi mweusi mnene sasa hivi ni bei gani? Niandikieni pembeni, si hapa, mujomba amejiunga juzi.